Kumbukumbu ya Kikauke, Aliyetaka Kinamasi Kirudi

Mwaka umezunguka, Mheshimiwa, tangu asubuhi ile ulipotoka na shati lako la buluu ukisema unakwenda zahanati kupima presha na utarudi kabla chai haijapoa. Chai ilipoa. Nimeanza hivyo kwa sababu watoto wamenikabidhi kalamu wakisema, "Mama, andika wewe, wewe ndiye unayemjua," kisha kila mmoja akaja pembeni kwa wakati wake kuniambia jambo ambalo nisithubutu kulisahau. Nimewasikiliza wote. Mengi nitayaacha.

Matangazo ya namna hii huwa yanasema marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mwenye upendo kwa wote. Mcheshi ulikuwa. Upendo ulikuwa nao, tena wa kugawa ovyo. Upole, hapana, na sitaki watu waliokujua wafungue gazeti wakadhani tumekosea picha. Ulikuwa mtu wa kelele. Uliingia sebuleni kama unaingia uwanjani, ukasalimia kila kiti, hata kilichokuwa hakina mtu. Uliimba bafuni mpaka jirani akajua sabuni imekuingia machoni. Nyumba sasa imetulia, na wageni wanaisifu kwa utulivu wake. Hawajui wanasifu nini.

Mimi nilikuita Mheshimiwa hata baada ya kupoteza kiti, na hapo ndipo nilipokuita zaidi. "Mheshimiwa, pipa la taka limejaa." "Mheshimiwa, bomba la jikoni linavuja, hoja hii utaiwasilisha lini?" Nawe ulicheka huku unatafuta spana, ukipita ukinikanyagia vitambaa vyangu vilivyotandazwa sakafuni. Wengi walikuita hivyo kwa sababu walitaka kitu. Mimi nilitaka bomba tu.

Kwa wasiokujua, na siku hizi wanaongezeka, inabidi tueleze. Nyuma ya soko la mji wetu kulikuwa na kinamasi, kipana, chenye matete marefu kumpita mtu mzima. Wakati wa mvua kilimeza maji ya mji mzima. Wakati wa kiangazi visima vyetu vilikuwa na maji mazuri, na hakuna mtu aliyewahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Sisi tulichokijua ni mbu. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wa homa, na wewe ulikuwa kijana mwenye sauti kubwa na suruali moja nzuri, niliyokushonea mimi. Ukapanda juu ya meza ya muuza viatu ukauliza soko zima, "Kinamasi?" Ukajijibu mwenyewe, "Kikauke!" Ukauliza tena. Kabla hujashuka pale mezani, soko lilikuwa linajibu lenyewe. Hivyo ndivyo ulivyopata ubunge, na hivyo ndivyo ulivyopata jina. Kikauke. Hata watoto wetu shuleni waliitwa watoto wa Kikauke, na walijivuna nalo kama kiatu kipya.

Na ulitimiza. Wanasiasa wenzako walikuwa wakiahidi na kusahau, nao walizeeka kwa amani. Wewe ulikuwa na tatizo la kutimiza ahadi. Mfereji ulichimbwa kutoka katikati ya kinamasi mpaka mtoni, maji yakatoka, matete yakanyauka, ardhi ikapasukapasuka na kupimwa viwanja. Homa zikapungua, lazima niseme ukweli. Dada yako, wifi yangu, alipata kiwanja miongoni mwa watu wa kwanza kabisa. Akajenga nyumba yenye kibaraza, na siku aliyohamia ulicheza mpaka ile suruali ikapasuka. Niliishona nikicheka.

Katika ule mkutano wa kupitisha mfereji alisimama mtu mmoja tu kupinga. Alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisema kinamasi ndicho kinachovilisha visima, na ndicho kinachouzuia mto usiingie mtaa wa chini. Alieleza taratibu, kama yuko darasani, hatua kwa hatua, na katika kueleza akawataja vyura. Hapo ndipo ulipomkamata. "Mwalimu," ulisema kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yako ya chini unayoitumia kabla ya mzaha, "hao vyura wako wamejiandikisha kupiga kura?" Ukumbi ulicheka mpaka wengine wakakosa pumzi. Tangu siku hiyo aliitwa Mwalimu wa Vyura, na alichokuwa anakisema hakikusikilizwa tena na mtu yeyote. Ulikuwa na kipaji hicho, baba. Uliweza kumfuta mtu kwa sentensi moja, tena bila chuki, kisha ukamwagizia soda.

Baadaye ukakosa kiti, kwa mambo ya chama ambayo hayakuhusu maji hata kidogo, ukarudi nyumbani kuwa mume. Ndipo ulipoanza kuteka maji. Miaka yote ya ubunge walikuwapo watu wa kukutekea. Siku ya kwanza ulishusha ndoo kisimani, kamba ikaisha, ndoo ikabaki inaning'inia. Ukaniita kwa sauti ya malalamiko, kama mtu aliyeuziwa kamba fupi. Ukaongeza kipande cha kamba ya kuanikia nguo. Kiangazi kilichofuata ukaunga mkanda wa begi. Kilichofuata tena nikakukuta umesimama mbele ya kabati ukizitazama tai zako za bungeni, nikakwambia ukithubutu nitakushona mdomo. Tulicheka siku ile. Lakini nilikuona ulivyokaa baadaye kwenye ukingo wa kisima, umeshika tama, unatazama chini kwa muda mrefu.

Kisha zikaja mvua kubwa, na mfereji wako ukafanya kazi yake vizuri kabisa. Uliyapokea maji yote ukayapeleka mtoni kwa mkupuo, na mto ukaingia mtaa wa chini ukabeba vitanda. Ulikwenda kutoa pole, kwa mazoea, ukiwa na maneno yako tayari mdomoni. Mlangoni mwa nyumba ya kwanza mama mmoja alikuwa anakamua godoro. Hakukutukana. Alikwambia tu, "Karibu, Mheshimiwa. Haya maji yametoka kwako." Ulirudi nyumbani na maneno yako yote, hukuyatumia, na chakula hukukigusa.

Nilikusindikiza siku ulipokwenda kwa Mwalimu wa Vyura. Alikuwa ameshastaafu. Alifungua mlango, akakutazama kutoka kichwani mpaka viatuni, akatuacha pale kizingitini.

"Umekuja kuniomba msamaha au umekuja kuniomba kura?"

"Msamaha, Mwalimu."

"Basi ingia. Kura nisingekupa."

Ulifungua kinywa uanze kuomba huo msamaha kwa urefu, kama kawaida yako, akakukatisha. Alisema hataki hotuba. Akakukalisha kwenye kiti kidogo, akaanza upya yale aliyoyasema kule ukumbini, toka mwanzo, hatua kwa hatua, na alipofika kwenye vyura akapunguza mwendo na kuwaeleza aina kwa aina. Ulisikiliza. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kukuona umenyamaza muda mrefu hivyo ukiwa macho. Ulipouliza swali, uliinua mkono kwanza.

Baada ya hapo ukazama mzimamzima. Na kwa kuwa kazi uliyoijua ni moja, ulifanya kampeni, safari hii ya kufukia mfereji na kurudisha kinamasi. Ulianza nyumba kwa nyumba, mwendo uleule, kushikana mikono kulekule, kubusu watoto wa watu ambao hawakuomba. Ulikaa kwa kinyozi bila kunyolewa. Ulijifunza majina ya ndege na kuyatamka vibaya, na Mwalimu akakusahihisha mbele za watu, ukafurahi kusahihishwa. Wateja wangu walikuja kupima magauni ya harusi, wewe unawatoa nje na pini zikiwa bado mwilini ukawaonyeshe matete uliyoyaokoa na kuyapanda kwenye karai nyuma ya jiko. Bibi harusi mmoja alirudi na tope kwenye pindo. Niligomba mpaka sauti ikakauka, na wewe ukasema, "Lakini ameelewa, mke wangu. Umeona alivyotikisa kichwa?" Alikuwa anatikisa kichwa kwa sababu ya mbu.

Kisha ukaitisha mkutano, na siku yenyewe tulijua ukumbi utajaa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukosa mkutano wako. Ulivaa suti. Ulisimama, ukangoja wanyamaze, ukashusha sauti ukasema, "Ndugu zangu, nilikosea."

Wakacheka.

Ukarudia. Wakacheka zaidi, na bwana mmoja wa nyuma akawa anajipangusa machozi, anamgonga mwenzake begani. Ulikuwa umewafundisha kwa miaka mingi kwamba ukishusha sauti kuna mzaha unakuja, na wao walikuwa wanafunzi wazuri. Ulijaribu kuendelea. Ulitaka kusema kwamba kinamasi kile ndicho kilichokuwa ghala letu la maji. Lakini uliposema "Kinamasi" tu, ukavuta pumzi, ukumbi mzima ukasimama na kuitikia, "Kikauke!" Walikuwa na furaha, Mheshimiwa. Walidhani umerudi. Uliita tena, ukiwaomba sasa, nao wakaitikia tena, wakipiga miguu sakafuni. Mwalimu wa Vyura alivua miwani akaiweka mapajani. Tukiwa njiani kurudi, kwenye kona ya mafundi baiskeli, ukasema, "Ile kazi niliifanya vizuri mno." Na ilikuwa kweli.

Wale wachache walioelewa walikuwa wagumu zaidi, maana walielewa na nyumba zao zimesimama wapi. Wifi alikuja Jumapili moja mchana. Hakuketi.

"Kaka, huo mfereji ukifukiwa, maji yatakwenda wapi?"

"Yatarudi yalikokuwa."

"Yalikokuwa ni jikoni kwangu."

Ukaanza kumweleza kwamba ni mambo ya taratibu, kwamba watu watahamishwa kwa heshima, watapewa ardhi juu kule kwenye mwinuko, kwamba yeye anaweza kukaa nasi hata kesho, chumba kipo.

"Ulinipa kiwanja ukanichezea ngoma," alisema. "Leo unakitaka. Unataka umpe nani, kaka? Vyura?"

Ulikuwa na jibu kwa kila mtu aliyewahi kukupinga, lakini hili la vyura ulilitunga wewe mwenyewe miaka mingi kabla, na lilikuwa kali kama siku ulipolitunga. Wifi alilia njia nzima, tuliambiwa. Hakukanyaga hapa tena mpaka msibani. Nimelifikiria jambo hilo mwaka mzima nikiwa kwenye cherehani. Wifi ana haki. Mama wa godoro ana haki. Kisima chetu ni kikavu. Yote matatu ni kweli kwa pamoja, na wewe ndiye uliyeyakalisha meza moja.

Hukuacha. Ulikwenda barazani kwa meya, ukaambiwa urudi. Ulirudi, ukaambiwa meya yuko kikaoni. Uliweka viroba vya udongo mdomoni mwa mfereji pamoja na Mwalimu, wazee wawili na koleo moja, na vijana wa viwanjani wakaja kuvitoa kwa adabu kabisa, wakikuita baba, wakikupa pole ya kazi. Hiyo adabu ilikuvunja kuliko matusi. Uliwahi kupigiwa kelele ukazipenda, lakini kuhurumiwa hukukuzoea.

Siku moja ulikuja ukakaa kwenye kigoda changu cha kushonea, ukashika kikopo cha pini ukawa unakitikisa. Nikajua una jambo.

"Hautafukiwa," ulisema. Ilikuwa mara ya kwanza nakusikia unasema kitu bila alama ya mshangao mwishoni. "Nimeshaliona. Hautafukiwa mimi nikiwa hai wala nikiwa nimekufa. Basi angalau waondoe jina langu."

Maana kila mtu aliuita Mfereji wa Kikauke. Posta waliuandika hivyo. Fundi akielekeza mteja, alisema vuka Mfereji wa Kikauke ukate kulia.

"Nikifa likabaki pale," ukasema, "watasema nilikuwa upande wao mpaka mwisho. Mke wangu, niliwabadilisha mawazo mara moja tu maishani, nikawabadilisha vibaya. Nisizikwe na hiyo."

Nikakwambia nitaliondoa. Nilikuahidi kwa kinywa changu, na wewe ukanirudishia pini zangu.

Fundi baiskeli aliyekuwa jirani yako kwenye benchi la zahanati alikuja kutuhadithia siku ya mazishi. Alisema ulikuwa unamweleza habari za maji, kwamba ardhi inakunywa kama mtu, taratibu, na ukiinyang'anya kikombe inakufa kwa kiu. Ulikuwa umeinua kidole. Kisha ukanyamaza, kidole bado kiko juu, na yeye akadhani unangoja jibu. Akasema, "Ni kweli kabisa, Mheshimiwa." Alitaka tujue kwamba alikukubalia, na kwamba hakusema ili kukufurahisha. Tulimshukuru. Katika mji mzima alikuwa mtu wa kwanza kukukubalia bila kucheka, na ulikuwa umeshaondoka.

Mazishi yakapita, nikavaa viatu vizuri nikaenda ofisi za baraza la mji kutimiza ahadi yangu. Nilipokelewa na ofisa kijana mwenye manukato, akaniketisha kwenye kiti cha kuzunguka. Nikasema, "Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya jina la mume wangu, lile la pale mferejini." Akainua mikono yote miwili. "Mama, hata usimalize. Suala la jina linashughulikiwa. Meya mwenyewe amelivalia njuga. Nyinyi nendeni mkapumzike." Akanishika mkono kwa heshima, simu yake ikalia, akanisindikiza mlangoni akiongea nayo. Nilirudi nyumbani nikawaambia watoto mambo ni mazuri, baba yenu kasikilizwa. Siku ile tulikula kwa furaha, Mheshimiwa. Binti yako alisema kumbe baraza lina watu waungwana siku hizi.

Lilikuwa limeshughulikiwa kweli. Baada ya muda malori yakaanza kupita yakielekea kinamasini, na mfereji ukapanuliwa na kujengwa kwa zege, kuta na sakafu, ili usizibe tena milele. Na kwenye mdomo wake wakasimamisha jiwe jeusi linalong'aa, na majina yako yote kwa herufi za dhahabu, na picha yako ya kampeni ya kwanza, ile ya mashavu. Lile Kikauke wameliandika kubwa kuliko yote. Yule kijana hakunidanganya. Kila familia inayokwenda pale kwa habari ya jina la marehemu huenda kuomba liwekwe, na hakuwahi kumwona mjane aliyekuja kuomba litolewe.

Jinsi tulivyojua ni hivi. Mwanao wa kati, mwashi, ambaye alikuwa hajapata kibarua cha maana tangu ulipofariki, alirudi nyumbani na saruji mpaka viwikoni. "Mama, kazi imepatikana." Nikauliza wapi. Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko saruji ilivyohitaji.

"Mferejini."

"Na hilo jiwe wanalolisema watu?"

"Nimelipachika mimi." Aliendelea kunitazama kifuani, sio usoni. "Nilitaka nilipachike vibaya, Mama, lianguke mara mvua zikianza. Mkono ukakataa. Nimelipachika sawasawa."

Nikamwambia akae ale. Nilimpakulia mara mbili. Mtoto wako huyo ni wewe mtupu.

Siku ya uzinduzi tulipelekwa kwa gari la baraza, tukawekwa mstari wa mbele chini ya turubai. Hotuba zilikuwa nyingi. Walisema uliona mbali. Walisema uliipigania afya ya watu wako hadi pumzi ya mwisho. Kisha mshereheshaji akaniita, akanipa kipaza sauti. Sijawahi kushika kile kitu maishani, wewe ulikishika kwa niaba yetu wote wawili. Lakini nilisema, na nilisema kwa sauti:

"Mume wangu hakuutaka mfereji huu. Alitaka ufukiwe. Alitaka jina lake liondolewe hapa. Aliniachia mimi niwaambie."

Nikadhani wamesikia. Kisha meya akasimama, akatoa leso akajifuta macho, akaanza kupiga makofi polepole, na turubai zima likasimama pamoja naye. Walinipigia makofi mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. "Mama yetu ana uchungu mwingi," meya aliwaambia, akikichukua kile kitu mkononi mwangu taratibu kama anavyonyang'anywa mtoto mkasi. Akanishika bega akanirudisha kitini. Mtu akaniletea soda. Wifi, kwenye kiti cha pili kutoka kwangu, alikuwa ameinama. Mwalimu wa Vyura hakualikwa, alisimama juani nje ya kamba, na yeye hakupiga makofi. Utepe ulikatwa wakati natafuta leso.

Hayo ndiyo ya mwaka huu. Ningependa kukuletea habari nyingine, na watoto walinishauri nizitafute. Maji sasa tunayanunua kwenye lori la tangi. Matete yako ya kwenye karai yalikauka kiangazi kilipokolea, kwa sababu maji hayakutosha na mimi nilichagua sufuria. Nilikuomba radhi, kisha nikapika. Kile kipande kidogo cha kinamasi kilichokuwa kimebaki nyuma ya ukuta wa kiwanda cha mbao, ulikokuwa ukiwapeleka wageni, kimewekewa vigingi vya kupimia viwanja. Mwalimu huenda kukitazama, akirudi hupita hapa tunakunywa chai, na siku hizi hatuzungumzi habari za maji. Mtaa wa chini umejaa mafuriko tena, maji yalikuja haraka kuliko zamani, kwani zege ni laini na haliyapunguzi mwendo. Nyumba ya wifi ni kavu. Alikuja kuniambia hivyo, akalia, na nilimshika mpaka akanyamaza, kwa sababu nilifurahi kwamba ni kavu na niliumia kwamba ni kavu.

Tunajua gazeti hili kesho litafungia sabuni. Tumeandika humu kwa sababu hapa ndipo pekee tulipoachwa tukamaliza sentensi. Basi kwa yeyote atakayesoma kabla ya sabuni: aliyeandikwa kwenye lile jiwe aliomba asiandikwe. Alisema alikosea. Hakuwa anatania.

Unakumbukwa na mimi mkeo, fundi cherehani, ambaye sijaitimiza ahadi yangu na sioni nitaitimizaje. Unakumbukwa na binti yako mkubwa, muuguzi, ambaye huwafunga wagonjwa mashine ya presha na kuwaomba wasinyamaze. Na mwanao mwashi, ambaye huzunguka njia ndefu asipite mferejini. Na kitinda mimba wako, ambaye amerithi sauti na bado hajapata la kuitumia. Dada yako ameomba asiachwe katika orodha hii, nasi hatukuwahi kufikiria kumwacha. Mwalimu si ndugu, lakini tumemweka. Wajukuu wanakuita babu wa kwenye jiwe.

Watu wa mji wanamkumbuka yule aliyepanda juu ya meza, na wana kitu cha kuwakumbusha kila wapitapo. Sisi tunakukumbuka wewe uliyeshuka. Tutakukumbuka daima, Mheshimiwa, ila daima yenyewe ni sisi hawa tuliojitaja hapa. Tukiisha, litabaki jiwe.